Kuku wa Shukrani Hawapandi Pikipiki

Kwenye hafla ya kuniaga nilivishwa kitenge, nikalishwa keki, kisha nikasomewa wasifu mzuri kiasi kwamba nilitamani kumfahamu huyo mama anayesifiwa. Msomaji alisema nimewatumikia wafugaji tangu Songwe ikiwa bado sehemu ya Mbeya, na kwamba sikuwahi kuleta hasara popote nilipopita. Nilipiga makofi kama wengine. Hakuna aliyekumbuka kwamba niliwahi kuua kuku wa kitongoji karibu kizima, na mimi sikuona sababu ya kumsahihisha mtu wakati soda zinafunguliwa. Lakini ninyi wadogo zangu mnaobaki kwenye kazi ya mifugo, habari hiyo itawafaa kuliko wasifu. Ndiyo maana naiandika.

Mimi ni mzaliwa wa Ruanda, huku Mbozi, kwenye shamba la kahawa. Nilipomaliza chuo nikapangiwa kata ya Ikinga, wilaya ya Ileje, ambako milima imesimama wima na watu wanalima hapo hapo ilipo. Siku ya kwanza nilikabidhiwa koti jeupe lililoshonwa kwa ajili ya mwanamume mnene, kamba ya katani, bomba la sindano la chuma, na kipimajoto kimoja ambacho niliambiwa kikivunjika nisirudi. Nilikabidhiwa pia Mzee Haonga.

Mzee Haonga alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo yalihusu mavi. "Kabla hujamgusa ng'ombe, angalia alichoacha nyuma," aliniambia. "Halafu sikiliza mwenye ng'ombe. Atakudanganya kidogo, kwa sababu ameshampa dawa ya jirani na anaona aibu kusema. Wewe usimuumbue, muulize tu ile chupa iko wapi." Mara tisa kati ya kumi chupa ilikuwepo, imechomekwa kwenye paa la nyumba, haina hata karatasi. Na msimwambie mfugaji habari za mililita. Mzee Haonga alikuwa anachora alama kwa msumari kwenye bomba la mfugaji mwenyewe, anasema, "Mwisho hapa." Hakuna aliyekosea.

Shida ya mwanzo ilikuwa mimi mwenyewe. Nikifika kwenye nyumba naulizwa, "Bwana mifugo yuko wapi?" Najibu ndiye mimi. Wananikaribisha vizuri sana, wananipa ndizi, halafu wanauliza, "Na bwana mifugo mwenyewe atafika saa ngapi?" Kilichoniokoa ni ng'ombe mmoja aliyeshindwa kuzaa. Ndama alikuwa amekunja mguu wa mbele, na wanaume wanne walikuwa wamevuta hadi wamechoka. Mkono wangu ni mwembamba. Niliupaka sabuni, nikauingiza, nikautafuta ule mguu, nikaukunjua taratibu, na ndama akatoka akiwa hai na kelele zake. Mwenye ng'ombe, mzee wa Kindali ambaye asubuhi hiyo alikuwa amekataa hata kunishikia kamba, aliingia ndani akatoka na kuku jike aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. "Dakta," akasema, "usiondoke mikono mitupu."

Hapo ndipo nilipoanza kupewa kuku wa shukrani. Desturi hiyo huko milimani ina nguvu kuliko waraka wowote. Mtu akikutendea jema hatoki kwako hivi hivi, na ukimkatalia kuku wake umemwambia kwamba nyumba yake haifai. Nilipopata pikipiki ya ofisi, jioni nilikuwa narudi kwangu na kuku wawili watatu wananing'inia kwenye keria, vichwa chini. Watoto walikuwa wananishangilia barabarani. Nilijiona nimefika.

Sasa niwaeleze tatizo lenyewe, maana ofisini huwa tunalisema vibaya. Tunasema mfugaji maskini hawezi kumudu tiba. Pale Ikinga dawa haikuwa ghali, ghali ilikuwa njia. Duka la dawa za mifugo lilikuwa Tunduma, na nauli ya kwenda na kurudi ilizidi thamani ya mgonjwa. Ndiyo maana watu walikuwa wanawafungulia kuku vidonge vya binadamu, vile vya rangi mbili, wanawanyunyizia unga mdomoni. Na chanjo ya mdondo, ugonjwa unaofagia kuku kila mwaka, ilikuwa na kituko chake. Kichupa kimoja kinatosha kuku mia na zaidi, na ukishakifungua hakikai. Mama mwenye kuku tisa afanye nini na kichupa cha kuku mia? Basi hanunui, na kuku wanakufa.

Tukaanza kukusanya kitongoji kizima siku moja. Jioni iliyotangulia mtu anapita kutangaza kuku wasifunguliwe. Asubuhi na mapema tunapita nyumba kwa nyumba na kichupa kimeviringishwa kitambaa kibichi ndani ya kikapu, tone moja kwenye jicho la kila kuku, tunamaliza kabla jua halijawa kali. Asiye na fedha anatoa yai, na mayai yakiuzwa yananunua kichupa kingine. Tulirudia kila baada ya miezi mitatu. Haikuhitaji semina.

Aliyenisaidia zaidi alikuwa Mama Tusekile, mjane wa kitongoji cha mlimani. Kwake ndiko nilikokuwa nalala nikienda huko, kwa sababu pikipiki haikuweza kupanda na kushuka siku moja bila kulalamika. Alikuwa na kuku wengi kuliko nyumba yoyote, na kila mmoja alikuwa na kazi. Kuku alikuwa anawabadilisha kwa mbuzi, na shemeji yake alikubali kuchukua mbuzi wanne ampe mtamba, ng'ombe jike wa maziwa ambaye hajazaa bado. Mbuzi watatu alikuwa nao tayari. Wa nne alikuwa bado yuko bandani, kwa umbo la kuku. Mtamba huyo alikuwa ameshampa jina kabla hajamfikisha nyumbani, na alikuwa amemkatia hata majani ya kufanyia mazoezi ya kukata majani.

Zamu ya kuchanjwa kwa mara ya kwanza ilipowafikia wao, nilianza na kitongoji cha bondeni, chini yao. Niliona kuku kadhaa wamezubaa, wengine wanaharisha kijani. Mnaosoma hapa mmeshajua, na mimi pia nilijua, ila nilikuwa na haraka ya watu walioshika kuku wao wananisubiri. Nikachanja. Wenyeji wakafurahi, wakanipa kuku watatu. Nikawafunga kwenye keria nikapanda mlimani. Kwa Mama Tusekile nikawafungua miguu, nikawaingiza kwenye banda lake walale na wenzao, maana ndivyo mgeni anavyofanya. Asubuhi nikachanja kitongoji chote cha mlimani, nikanywa uji, nikaondoka nikipiga mluzi. Kuku wangu watatu nilimwachia anitunzie hadi nitakaporudi.

Chanjo huchukua siku kadhaa kabla haijaanza kumlinda kuku. Mdondo hausubiri.

Niliporudi wiki ya pili, kitu cha kwanza nilichokigundua ni ukimya. Kitongoji cha milimani asubuhi kina jogoo wa kila namna, wanapokezana. Siku ile nilisikia injini yangu tu. Njiani watu walinisalimia kwa adabu na kuingia ndani. Mwanamume mmoja alisema bila kunitazama, "Chanjo yako hiyo, Dakta. Tumeshika kuku wenyewe, tukawafungua macho wenyewe, tukawaua wenyewe."

Mama Tusekile alikuwa anafagia banda tupu. Alibakiwa na kuku wawili, mmoja shingo imepinda. Hakunikaribisha uji.

"Wengine wanasema ni chanjo," akaniambia. "Mimi sisemi. Mimi nawajua kuku wangu. Waliotangulia kufa ni wale wako watatu."

Nilisimama pale na kofia ya pikipiki mkononi. Sijawahi kuona aibu kama ile, si kabla wala baada. Nilitaka aniseme, anitukane, nijitetee kidogo. Yeye aliendelea kufagia.

Niliteremka hadi kwa Mzee Haonga nikiwa na maelezo yangu tayari. Ningeweza kusema kichupa kilipata joto njiani. Kilikuwa kimetoka mbali na kiwanda kilikuwa mbali zaidi, na hakuna ambaye angekwenda kuuliza. Mzee alinisikiliza huku anamenya muwa.

"Ukisema chanjo ilikuwa mbovu, utasameheka kesho," akasema. "Halafu hakuna kuku atakayechanjwa Ikinga hadi wajukuu zako waolewe. Ukisema ni wewe, watakuchukia wewe. Wewe unahamishika, binti yangu. Chanjo inatakiwa ibaki hapa."

"Watanifukuza, mzee."

"Wakikufukuza utaenda kwingine. Kuna ng'ombe kila mahali." Akanikatia kipande cha muwa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumapili nikaomba nafasi wakati wa matangazo, ibada ilipokwisha. Vitongoji vyote viwili vinasali kanisa moja. Nikasema: chanjo haikuua kuku. Mdondo ulikuwa umeshaingia bondeni, mimi niliona dalili nikapuuza, nikaubeba kwenye keria hadi mlimani, nikaulaza kwenye banda la Mama Tusekile. Nikasema naomba msamaha, na kwamba nina mbuzi mmoja nyumbani Ruanda ambaye nitamleta kwa Mama Tusekile, ingawa najua hatoshi.

Kanisa lilichemka, lakini si kwa namna niliyoitegemea. Mzee mmoja wa bondeni alisimama. "Kwa hiyo kuku tuliotoa sisi kwa heshima ndio waliomaliza wa wenzetu? Mnatuita wachawi?" Wa mlimani wakajibu hakuna aliyetaja uchawi, wa bondeni wakasema umetajwa kwa macho. Nikapaza sauti kwamba waliotoa hawana kosa, kosa ni la aliyebeba, na kuanzia leo nisipewe kuku na mtu yeyote. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Wote, wa juu na wa chini, walinigeukia pamoja.

"Usipewe?" mzee akauliza. "Utatutibia ng'ombe halafu utoke hivi hivi, kama umefukuzwa?"

Aliyetukatiza alikuwa Mama Tusekile. Alisimama pale alipokuwa amekaa na wanawake wenzake, akajifunga kitenge vizuri.

"Atapewa kuku," akasema. "Lakini kuku atabaki kwa aliyemtoa. Afungwe uzi mwekundu mguuni, ajulikane ni wa Dakta. Akitaka kumwona, aje. Na akija asije na mwingine." Kisha akanitazama mimi. "Mbuzi wako mwache Ruanda. Mimi nataka unifundishe hicho kichupa. Kuku wangu wakifa tena, wafe mikononi mwangu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sidhani kama alikuwa amenisamehe. Miezi mitatu baadaye alitembea na mimi nyumba kwa nyumba bila kucheka, anauliza kila kitu mara mbili. Kwa nini jicho na si mdomo? Kwa nini asubuhi? Kuku aliyezubaa nafanyaje naye? Raundi ya tatu alininyang'anya kichupa. "Leta, unamwaga." Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu, tone lilidondoka palepale. Raundi ya nne sikuitwa kabisa. Nilisikia tu kwamba kitongoji cha mlimani kimeshachanjwa, na kwamba bondeni nao wanamwomba Mama Tusekile aende kwao.

Alikwenda. Alikaa kwanza siku tatu nyumbani, akabadilisha nguo, akaosha miguu, ndipo akateremka. Utaratibu huo aliutunga mwenyewe, mimi nilikuja kuuandika kwenye ripoti kama wa kwangu, na leo natubu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaachia ni hili: mkitafuta mchanjaji wa kitongoji, msichukue kijana mwenye cheti ambaye mwaka kesho atakuwa Tunduma anauza simu. Tafuteni mwanamke ambaye kuku ni wake, na ambaye ameshawahi kuwazika. Pili, kwenye mikutano wanaokuja ni wanaume, na kuku ni wa wanawake. Muwafuate kisimani. Sina la tatu.

Kuku wangu wa uzi mwekundu waliongezeka. Ikafika mahali nikawa na kuku katika nyumba nyingi sana za Ikinga, na kila nikipita ninaitwa kuonyeshwa vifaranga. Ilikuwa adhabu ya kupendeza. Sikuweza kupita mtaa bila kukagua mabanda, na nikikagua naona mengine, mbuzi mwenye kikohozi, nguruwe mwenye upele, mbwa ambaye hajachanjwa kichaa. Ofisi iliniuliza kwa nini ripoti zangu ni ndefu kuliko za wengine. Niliwajibu nina mali nyingi huko.

Nilihamishiwa baadaye Momba, bondeni kwenye joto, kwa wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao. Huko adui ni kupe na ndigana kali inayomaliza ndama. Chanjo yake ni kama ile ya kuku, tofauti ni kwamba ni ghali: ikishayeyushwa inamalizika siku hiyo hiyo, na inataka ndama wengi kwa mpigo. Mzee Masanja, mwenye kundi kubwa, alikuwa anataka nimchanjie yeye peke yake. Nilimwambia alete na ndama wa majirani wenye wawili watatu, gharama igawanyike. "Dakta, mimi na hao tuna kesi ya malisho," akasema. Nikamwambia ndama hawana kesi. Alicheka hadi akakohoa, kisha akatuma watu wawaite. Ng'ombe wa shukrani aliyenipa aliachwa zizini kwake, na uzi mwekundu kwenye sikio. Nilikuwa nimeshajifunza.

Miaka ya mwisho nilikuwa Tunduma, kata ya Mpemba, ambako malori yanapanga foleni na kila kitu kinapanda juu ya kila kitu. Hapo ndipo nilipopata sifa ya kichaa, kwa kusimamisha bodaboda zenye matenga ya kuku. "Mayo, ni kuku tu hawa!" mchuuzi wa kutoka ng'ambo ya mpaka, ambako mayo ni mama, alinililia siku moja. Nikamwambia ndiyo, hata wangu walikuwa kuku tu.

Mwezi uliopita, kabla sijakabidhi ofisi, nilikwenda Ikinga kuaga. Mzee Haonga alishatangulia mbele za haki, nikapita kaburini kwake nikang'oa majani. Kisha nikasimama kitongoji cha bondeni, nikasalimia, nikaonyeshwa mabanda kama kawaida. Nyumba mbili zilikuwa na kuku waliozubaa. Niliwaambia wawatenge, wamwite mchanjaji, nikanawa mikono, nikapanda bodaboda kwenda mlimani kumuaga Mama Tusekile. Moyoni nilikuwa na furaha kubwa. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa, nilitaka kumwambia jambo ambalo sikuwahi kulisema sawasawa tangu siku ile ya kanisani.

Nilimwona toka mbali amesimama kwenye kona ya njia inayoingia kitongojini, mkongojo mkononi. Simu inafika haraka kuliko bodaboda siku hizi. Pembeni yake kulikuwa na beseni la maji ya sabuni, na nyuma yake, juu kidogo, ng'ombe wawili wa maziwa walikuwa wanatafuna kwenye zizi lake. Wa kwanza alimpata akiwa amechelewa miaka minne kwa sababu yangu.

"Dakta. Umepita bondeni?"

"Nimepita, Mama Tusekile. Kuna kuku wawili watatu—"

"Umeingia mabandani?"

"Nimeingia."

"Simama hapo hapo."

Nilisimama. Dereva wa bodaboda aliniangalia, akamwangalia bibi, akaamua kuzima injini. Nilianza kueleza kwamba nimenawa, kwamba nastaafu, kwamba nimekuja tu kumuaga na nitakaa dakika kumi. Mama Tusekile alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima zote. Alituma mtu akaniletea chai na kiazi hapo hapo njiani, kikombe kikawekwa juu ya jiwe, mletaji akarudi nyuma, ndipo mimi nikakichukua. Tukazungumza hivyo, tukiwa mbali kwa hatua kumi, tunapaza sauti: wajukuu, magoti, bei ya kahawa. Kisha nikakusanya nguvu nikamwambia lile nililokuja nalo.

"Mama Tusekile, kuhusu kuku wako. Sijui kama uliwahi kunisamehe."

Alicheka, kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka kicheko chake kinanihusu mimi.

"Nilikusamehe zamani sana, Dakta wangu," akasema. "Ila kuku hawana habari hiyo. Kesho nawachanja. Rudi baada ya wiki tatu."